Dumu la Nyuma ya Mlango

Mtaa mzima wa Soweto, pale Moshi mjini, walimwita Jumla, na mwenyewe aliitika. Jina lake ni Nurdin, dereva na mwenye Canter moja kuukuu inayoshusha ndizi kutoka Kilema na kupakia chochote kingine kinacholipa. Jumla lilikuwa jina la kazi. Huyu ni mtu ambaye sabuni hanunui mche, ananunua katoni. Kiberiti hanunui kimoja, ananunua pakiti nzima, mpaka majirani wanatuma watoto kuomba njiti. Ukimwambia ana mkono wa birika anacheka. Atakuambia anayenunua rejareja ndiye mjinga, halafu atakueleza kwa nini, na utakaa hapo mpaka chai yako ipoe.

Sasa mwezi huo Jumla alikuwa amefanya manunuzi ambayo kwake yalizidi yote. Alichoka kununua oili ya injini galoni moja moja dukani, na filta kila mara bei imepanda. Akawashawishi wenzake wawili wenye magari, wakachanga, wakanunua pipa zima la oili kwa bei ya jumla, na filta kwa katoni. Wakagawana. Fungu lake Nurdin alilipakua kwenye madumu ya njano, yale yale yanayokuja na mafuta ya kula, kwa sababu nyumbani yalikuwepo matupu na kununua chombo wakati chombo unacho ni wazimu. Madumu akayasukuma chini ya kitanda chake. La mwisho likagoma kuingia, akalipeleka stoo.

Stoo yenyewe haina dirisha. Nyuma ya mlango ndipo lilipokaa dumu la alizeti la nyumba hiyo, miaka nenda miaka rudi, na hapo ndipo pakavu kuliko kwingine kote. Filta ni karatasi, haitaki unyevu. Basi Nurdin akalihamishia dumu la alizeti chini ya meza, akaweka katoni ya filta nyuma ya mlango, na dumu la oili akalisimamisha pembeni yake. Vitu vya gari vikae na vya gari. Hakumwambia mtu. Amwambie nani, na stoo ni yake?

Nyumbani walikuwepo mama yake, Bi Mwantum, na binti yake mdogo, Nasrin. Rahma, mkewe, alikuwa Arusha kwa mdogo wake aliyejifungua. Bi Mwantum ni mtu wa maneno machache, mwanamke aliyezoea kumpisha mwanawe kwenye mambo ya matumizi. Niseme wazi, alimwogopa kidogo. Iliwahi kutokea akamwaga mafuta yaliyokaangiwa samaki, yamekwisha kuwa meusi, na Nurdin akanuna nyumba nzima ikakosa hewa. Hakumtukana mama yake, hapana, hana tabia hiyo. Alisema tu, "Mama, katika nyumba hii hatutupi kitu." Tangu siku ile Bi Mwantum hakutupa kitu.

Huko Kilema, Nurdin alikuwa na rafiki aliyekuwa zaidi ya mteja. Anaitwa Melkior, mkulima wa kahawa na ndizi, na kihamba chake, shamba la ukoo lililozunguka nyumba, ndicho kilichokuwa kikiijaza Canter tangu ikiwa mpya. Jumapili binti yake Stella alikuwa anapata kipaimara, na Melkior alimwomba Nurdin mambo mawili. Kwanza, apande Jumamosi amchinje mbuzi wa sherehe, ili na wageni Waislamu kutoka mjini wale bila wasiwasi, kama walivyofanya kwenye kila sherehe yao. Pili, kama hatojali, asaidie mafuta ya kupikia. Nurdin akasema atatoa dumu zima. Kwa mtu kama Jumla hilo lilikuwa jambo la kusimuliwa, na Melkior alilisimulia.

Ijumaa mke wa Melkior, Zita, alishuka sokoni, na wakati wa kurudi akapita Soweto kuchukua hayo mafuta. Alikuwa anaondoka na Bi Mwantum na Nasrin, wakalale huko na kusaidia kazi za jikoni. Nurdin mwenyewe alikuwa Sanya Juu anapakia viazi, watu wanampigia kelele, magunia yanapita kichwani kwake. Simu ikaita.

"Shemeji yako Zita amefika," mama akasema. "Nimpe mafuta yapi?"

"Mpe dumu, mama. Lile la njano."

"Liko wapi, baba?"

"Si pale pale siku zote, nyuma ya mlango."

Akakata simu, akaendelea kugombana na wapakiaji.

Jumamosi asubuhi aliingia stoo, akakuta dumu limebaki moja. Hesabu rahisi: la mafuta limekwenda mlimani, lililobaki ni la oili. Akalibeba, akachukua na filta moja kwenye katoni, akaenda gereji kwa fundi Eliakim, njia ya kwenda Pasua. Alitaka Canter ibadilishwe oili kabla hajapanda Kilema. Eliakim akafungua nati ya chini, oili chafu ikamwagika yote kwenye beseni, akafunga filta mpya, akaanza kumimina. Alimimina kidogo tu. Akainua dumu, akainamisha pua kwenye mdomo wa dumu.

"Jumla," akasema, "oili hii inanukia chapati."

Nurdin akacheka. Akachovya kidole, akaonja kwa ncha ya ulimi, na kicheko kikamfia mdomoni. Ilikuwa alizeti. Akabaki amesimama na kile kidole kimenyooka mbele yake. Picha ya stoo ikamjia yote kwa mara moja, meza, katoni, mlango. Ni yeye aliyeyahamisha kwa mikono yake miwili.

"Nini?" Eliakim akauliza.

"Oili iko Kilema," Nurdin akasema. "Wanapikia."

Eliakim alikuwa mtu wa utani siku zote, lakini hapo hakutania. Akaweka dumu chini taratibu.

Nurdin akampigia mama yake. Ikaita mpaka ikakatika. Akampigia Zita, ikaita, ikakatika. Melkior hakupatikana kabisa, yule dada wa kwenye simu akamwambia kwa sauti yake tamu ajaribu tena baadaye. Akajaribu kujituliza. Mbuzi hajachinjwa, akajiambia, anamsubiri yeye, na bila nyama watakaanga nini? Hilo likampa nafuu kidogo. Kisha akakumbuka kwamba Zita hapokei mgeni bila kumkaangia kitu asubuhi, na nafuu yote ikapotea.

Akapiga tena simu ya mama yake. Ikapokelewa.

"Baba."

"Nasrin. Mko wapi?"

"Jikoni kwa mama Stella. Kuna maandazi, baba. Ya moto."

"Nasrin, nisikilize. Usile. Mwambie bibi asile, na mama Stella asile. Mpe bibi simu."

"Bibi anakula," mtoto akasema. Kukawa na mikwaruzo, sauti za wanawake wakicheka kwa mbali, kisha mtandao ukakatika, na haukurudi tena.

Akageukia Canter. Boneti wazi, tumbo halina oili, na kile kidogo kilichoingia ni cha kukaangia. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani duka la rejareja lingekuwa mlangoni, angenunua galoni kwa bei yoyote watakayotaka. Lakini ingebidi Eliakim amwage kwanza, asafishe, ndipo ajaze. Hakungoja. Alitoka mbio mpaka barabarani, akamkamata bodaboda wa kwanza, kijana aitwaye Elifuraha, ambaye alimwamkia shikamoo na kutaka kuanza habari za bei.

"Twende Kilema," Nurdin akasema. "Bei utasema wewe."

Kama kuna mtu wa Soweto alimsikia, hakuamini masikio yake.

Walichukua barabara ya Himo, upepo ukimtoa machozi, na Nurdin akiwa na simu mkononi akipiga na kupiga. Kilichokuwa kinamtisha si kifo cha kwenye hadithi, mtu anakula sumu anaanguka. Alikuwa anajua kitu kingine. Zamani, akiwa bado utingo, alikuwa na mwenzake aliyefyonza dizeli kwa mpira, ikampalia, ikaingia kifuani. Jamaa alicheka, akatema, akaendelea na kazi. Jioni akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka watu wakazoea, halafu siku moja hakukohoa tena. Nurdin ndiye aliyembeba upande wa miguu kwenye mazishi. Sasa alikuwa anamwona Nasrin, kifua chake kile chembamba, na kikohozi kile kile.

Wakaacha lami kuu, wakakata kushoto kupanda. Migomba ikaanza kubana barabara pande zote mbili, ukungu ukashuka, pikipiki ikapunguza mwendo kwenye utelezi. Nurdin alikuwa ameipenda njia hii maisha yake yote. Leo kila kona ilimwongezea hofu. Alikutana na watu wamebeba majani ya ng'ombe, wakampungia mkono kwa kuwa wanamjua, na kila aliyempungia akitabasamu alimpa tumaini kwamba labda hakuna msiba. Kisha akakuta akina mama wawili wanateremka haraka bila kuongea, na roho ikamruka.

"Mzee, kuna mgonjwa?" Elifuraha akauliza.

"Sijui," Nurdin akasema. "Sijui bado."

Walipofika kihambani kwa Melkior, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Nasrin. Alikuwa amesimama peke yake karibu na yule mbuzi, amemshika kamba. Nurdin aliruka kabla pikipiki haijasimama, akamshika mtoto mabega, akamfungua mdomo, akamnusa kama mtu aliyepagawa.

"Umekula?"

"Sijala, baba. Langu alikula bibi. Nilipomwambia umesema asile, alikuwa keshamaliza."

"Bibi yuko wapi?"

Mtoto akaonyesha kwa kidole nyuma ya jiko.

Bi Mwantum alikuwa ameketi kwenye gogo, mgongo umeegemea mgomba, kanga imemdondoka begani. Alikuwa ametapika, na Zita alikuwa amepiga magoti mbele yake na kikombe cha maji. Uso wa mama ulikuwa na rangi ya majivu. Alipomwona mwanawe alijaribu kuvuta kanga ajifunike vizuri.

"Shemeji, sijui nimefanya nini," Zita akasema. "Nilimpa yeye kwanza na mtoto, wao ndio wageni. Mafuta yalitoa povu, yananuka nuka. Nikasema labda ndiyo ya mjini yalivyo. Zawadi ya mtu utainusaje? Nikamuuliza mama kama yanafaa, akasema matamu. Halafu akasema nisikaange mengine kwanza, wenzetu wanywe mtori wa ndizi, mafuta tuyatunzie nyama. Mimi nilimega kipande tu, nikatema."

"Siyo mafuta, shemeji," Nurdin akasema. "Ni oili ya gari."

Zita hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, akaweka mkono mdomoni. Wanawake waliokuwa wanamenya ndizi wakaacha visu.

Melkior alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kanisani kwenye maandalizi ya kesho, simu kaizima, bado kavaa koti lake. Hakuuliza mengi. "Tumpeleke hospitali ya misheni," akasema. "Gari liko wapi?"

"Gereji," Nurdin akajibu. "Halina oili."

Hakuna aliyecheka. Kwenye kitongoji kile, mgonjwa akizidiwa, mama akishikwa na uchungu, gari linalopigiwa simu ni Canter ya Nurdin. Leo ilikuwa gereji imekaa na tumbo tupu, na anayeumwa ni mama yake. Wakampandisha Bi Mwantum kwenye pikipiki ya Elifuraha, katikati, Nurdin nyuma amemkumbatia kwa mikono yote miwili. Alikuwa mwepesi kuliko alivyomfikiria. Njiani alikohoa mara moja, na Nurdin akahisi kile kikohozi kikipita kwenye mbavu za mama na kuingia kwenye zake.

"Usikohoe, mama," akamwambia sikioni, kama vile ni jambo ambalo mtu anaamua.

Hospitali walipokelewa na nesi mmoja mtu mzima, mtulivu, Lukresia jina lake. Aliuliza mgonjwa amekula nini. Nurdin akasema mafuta. Nesi akauliza mafuta gani, ya taa, ya kujipaka, ya kupikia yaliyoharibika, maana mafuta ni mengi. Hapo ndipo alipolazimika kulisema mbele ya foleni nzima, oili ya injini, mpya, imo kwenye dumu la mafuta ya kula kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeitia. Foleni ikamtazama. Hakujali. Angeulizwa angelisema hata kwenye kipaza sauti cha msikiti.

Daktari alikuja, akampima, akasikiliza kifua kwa muda mrefu sana. Akasema tumbo litamsumbua lakini tumbo si tatizo kubwa. Tatizo ni wakati anatapika, kama kuna iliyoingia kwenye mapafu. Watamweka wodini, wamwangalie mpaka kesho. Wakiona anahema vizuri, ataenda nyumbani. Akikohoa sana au akipata homa, wamwite haraka.

"Akikohoa," Nurdin akarudia.

"Akikohoa sana," daktari akasema.

Basi akakaa pale, kwenye kiti cha chuma pembeni ya kitanda, akisikiliza mtu anavyohema. Mchana huo Melkior aliwafuata kwa miguu na Nasrin, akasema wamelimwaga lile dumu lote kwenye shimo la choo na sufuria wameifukia, hawataki hata kuiona. Akasema mambo ya mbuzi yasimsumbue, watatafuta mtu mwingine. Kisha akatoka nje, awaache.

Bi Mwantum akafumbua macho. Sauti ilikuwa inakwaruza.

"Ni ya gari kweli?"

"Ni ya gari, mama. Niliyahamisha. Sikukwambia."

Akafikiri kidogo. "Nilisikia machungu, yana ladha ya chuma," akasema. "Nikajua si alizeti yetu."

"Sasa kwa nini ulikula?"

Alitazama ukutani, akavuta shuka mpaka kidevuni. Nurdin alitaka kumwuliza tena, lakini mama akakohoa, kikohozi kidogo kikavu, na yeye akawa amesimama wima, amekwisha kuelekea mlangoni kumwita nesi. Kikohozi hakikurudi. Mama akafumba macho. Nurdin akarudi kukaa.

Nasrin alikuwa amejibanza kwenye goti lake. Alikuwa anamwangalia bibi kwa macho makubwa, na alipozungumza alinong'ona, kama mtoto anayejua kuna mtu anaweza kukasirika.

"Mimi nilikataa langu, baba. Lilikuwa linanuka. Nilitaka kumpa mbuzi."

"Ulifanya vizuri."

"Bibi akalichukua. Alisema tusitupe, yule baba yako anavyotafuta kwa shida, akijua tumetupa atanuna." Akamkagua uso. "Umenuna, baba?"

Nurdin alitikisa kichwa kwamba hapana. Alimkalisha mtoto mapajani, akaweka kiganja chake juu ya shuka, pale kifuani kwa mama yake, akasubiri kishuke na kupanda tena.